Mvue Kwanza, Ndipo Umuulize

1

Tangu Tupokigwe avalishwe kishikizo, hakuwa amevunja hata kikombe kimoja. Viatu vyake vilikaa viwili viwili mlangoni. Majirani wa ghorofa ya chini, ambao zamani waligonga dari kwa mpini wa fagio kila aliporukaruka, siku hizi walimsalimia mama yake kwa tabasamu.

Mama huyo, Sekela, alikuwa barazani akianika nguo aliponusa maziwa yanayoungua. Aliiacha shuka ikaning'inia upande mmoja, akakimbilia jikoni. Sufuria ilikuwa imefurika, povu limekauka na kuwa jeusi, moshi umejaa hadi darini. Na pale mezani, karibu kabisa na jiko, binti yake wa miaka tisa alikuwa ameinama juu ya daftari akiandika. Moshi ulikuwa umemtoa machozi, yakimtiririka mashavuni hadi kidevuni. Hakuyafuta.

"Tupo!"

Kalamu iliendelea.

"Tupokigwe! Huoni moshi?"

Sekela alizima jiko, akafungua dirisha, akaja kusimama nyuma ya mtoto. Nyuma ya sikio la kulia kilikuwa kimebandikwa kishikizo, kitu cheusi, kidogo kama mbegu ya ukwaju. Alikisogezea kinywa, akasema taratibu kama alivyofundishwa:

"Achia."

Kalamu ilisimama. Tupo alipepesa macho, akageuka, akatabasamu.

"Shikamoo mama. Nimebakiza swali moja tu."

"Marahaba. Hukusikia nikikuita?"

Mtoto alifungua kinywa. Kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mfuko wenye giza. Kisha akakifunga, akatazama jiko. "Maziwa yamemwagika," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza habari za mji mwingine.

Sekela alichukua kitambaa akaanza kusugua.

Hakukuwa na wa kumlaumu. Kishikizo kilikuwa kikifanya kile walichoahidiwa. Mji wao, Mvukeni, ulijengwa kwenye miteremko ya mlima Rungwe juu ya visima vya mvuke, na mabomba yenye joto kali yalipita kila mtaa kama mifereji. Katika mji wa namna hiyo mtu asiye makini alihesabiwa kuwa hatari kwake na kwa wenzake. Shule nzuri hazikupokea mtoto ambaye hajapita kipimo cha umakini, na Tupo hakuwahi kukipita. Kliniki waliandika herufi nne kwenye kadi yake, ADHD, na muuguzi aliyewaeleza alitumia maneno ambayo Sekela hakuyasahau: "Akili anayo, tena nyingi. Ila ubongo wake unasikia kila mlango unaogongwa, na anakimbia kuifungua yote kwa pamoja."

Kabla ya hapo Sekela alikuwa ameambiwa mengi. Kwamba mtoto amerogwa. Kwamba amedekezwa. Kwamba mama wa kweli angemchapa mara moja tu na mambo yangeisha. Alimchapa, siku moja, na hayakuisha; kilichobadilika ni kwamba Tupo alianza kujificha kila alipomwaga kitu. Halafu ikaja asubuhi ile ya reli. Mfuko wa plastiki ulipeperushwa na upepo, Tupo akachoropoka mkononi mwa mama yake na kuukimbiza, moja kwa moja mbele ya treni ya mjini. Dereva alifunga breki. Treni ilisimama ikiwa imemfunika mtoto kwa kivuli chake, naye alikuwa ameushika mfuko, anacheka.

Wiki hiyo hiyo walikubali kishikizo.

Kilifanya kazi hivi. Kilisikiliza mawimbi ya ubongo, na akili ilipotaka kuondoka kwenye jambo lililo mbele yake, kiliisukuma irudi. Shuleni mwalimu alisema "Shikeni," na darasa zima likashika. Nje ya shule kilishika chochote mtoto alichokianza, na hakikuachia hadi jambo limalizike au mzazi aseme neno lile moja. Huko kiliitambua sauti ya mama na ya baba, basi.

Kwa miezi kadhaa Sekela alimshukuru Mungu. Sasa alikuwa akisugua jiko, na nyuma yake kalamu ilikuwa imeanza tena kukwaruza karatasi.

2

Siku chache baadaye akina Tupo walipewa shuleni kazi ya sayansi: kusoma geji ya presha kwenye bomba la mtaani na kuandika namba. Siku hiyo mama na mtoto walirudi kwa miguu kufuata njia ya bomba kuu, ambayo kila mtu aliitumia kwa sababu ilikuwa fupi na ardhi yake yenye joto haikuwa na matope. Walipofika kwenye kibanda cha parachichi, Sekela alisimama kuchagua. Tupo alisogea mbele kidogo hadi kwenye geji, akatoa daftari.

"Nakuona," Sekela alimwambia. "Usipite hapo."

"Sawa mama."

King'ora kikalia.

Kwa watu wa Mvukeni mlio ule ulikuwa na maana moja tu: presha imepanda, valvu inafunguka yenyewe kuachia mvuke, ondokeni kwenye njia. Hata watoto wadogo waliujua. Mwenye kibanda aliacha kila kitu akaruka ukuta. Wanafunzi waliokuwa nyuma walitawanyika wakipiga kelele. Sekela aligeuka akitegemea kumwona binti yake akimkimbilia.

Tupo hakuwa amejongea. Alikuwa amesimama wima mbele ya geji, daftari mkononi, midomo ikicheza.

"Tupo! Kimbia!"

Alianza kukimbia yeye. Parachichi zilimdondoka. Kadiri alivyokaribia ndivyo alivyoona vizuri uso wa mtoto, uliotulia kama wa mtu anayesali, na alipomfikia aliweza kuisikia sauti yake chini ya mlio, ikisoma namba zilizokuwa zikipanda.

"Thelathini na nane. Thelathini na tisa."

"Achia!" Sekela alisema. Kisha akapiga kelele: "Achia! Achia, Tupo, achia!"

King'ora kilikuwa kikilia juu ya nguzo, karibu kabisa na vichwa vyao. Yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Kishikizo nacho hakikuisikia.

Alimshika mkono akavuta. Mtoto hakuvutika. Mwili wake mdogo ulikuwa umejikaza kama mti, shingo imegeukia geji, na mguu mmoja ulikuwa umejipachika kwenye chuma cha kushikilia bomba. Bomba lenyewe lilianza kutetemeka. Sekela aliisikia mitetemo ile kwenye nyayo zake. Alifikiria kukibandua kile kitu kwa kucha, na papo hapo akakumbuka walivyoonywa: kikitolewa kwa nguvu kinapokuwa kimeshika, mtoto anaweza kuanguka kifafa. Basi alimkumbatia kiunoni, akamng'oa pale alipokuwa, kiatu kikabaki, akaenda naye mzima mzima hadi nyuma ya ukuta wa zege.

Valvu ilifunguka walipokuwa hawajainama sawasawa. Mvuke ulitoka kwa ngurumo iliyoziba masikio, ukafunika njia yote kwa weupe. Ncha yake ilimpata Sekela kwenye mkono wa kushoto, tangu kiwiko hadi kiganjani. Hakulia. Alikuwa amemlalia mtoto, akisikia moyo wake ukidunda.

Moyo wa Tupo ulikuwa ukidunda kwa kasi mno. Baadaye Sekela angelifikiria hilo mara nyingi. Uso ulikuwa umetulia, ila moyo ulikuwa ukienda mbio kama wa ndege aliyeshikwa mkononi.

King'ora kilipokoma alimnong'oneza sikioni, "Achia."

Tupo alipepesa macho. Alitazama ukutani, kisha mkono wa mama yake uliokuwa umeanza kuvimba.

"Mama," alisema, "sikumaliza."

3

Baba yake Tupo, Ambilikile, alikuwa fundi wa kuchimba visima huko juu mlimani, na alirudi nyumbani mwisho wa kila wiki. Safari hii alirudi siku ya pili yake. Alikaa kwenye kochi akiwa bado na vumbi kwenye nyusi, akamtazama mkewe mkono uliofungwa bandeji, akasikiliza yote bila kumkatiza.

"Kukaza ni Ijumaa," alisema mwishowe, akimaanisha siku ya kukifanya kishikizo kiwe cha kudumu.

"Najua."

"Na wewe hutaki tena."

"Sijasema sitaki. Nimesema naogopa."

Tupo alikuwa chumbani, mlango umerudishwa. Walizungumza kwa sauti ya chini, kama watu waliofiwa.

"Mama Tupo, nisikilize. Bila kile kitu, mwanetu nusura akanyagwe na treni. Nacho, nusura aungue. Hili halikuwa kosa la kishikizo, ilikuwa kelele tu. Wakishakaza hahitaji neno la mzazi, kinajiongoza chenyewe. Daktari alisema hivyo."

"Kinajiongoza kwenda wapi?"

Ambilikile alivua buti moja, akabaki amelishika.

"Unajua mimi niliishia darasa la ngapi," alisema.

"La tano."

"La tano. Mwalimu alikuwa akinifunga kwenye dawati kwa mkanda wake. Nikichungulia dirishani, kiboko. Nikidondosha penseli, kiboko. Wenzangu wakanipa jina, Kichaa. Siku niliyoacha shule baba aliniambia, afadhali, umetupunguzia aibu." Aliliweka buti chini polepole. "Leo nina miaka arobaini na siwezi kusoma karatasi ya dawa ya mwanangu hadi mwisho. Nafika katikati, nasahau nilianza na nini. Sasa amepatikana mtu anayesema binti yangu hatapitia hayo. Nimwambie nini, asante sitaki?"

Sekela hakuwa amewahi kulisikia lile la mkanda. Miaka kumi na mbili ya ndoa, na hakuwa amelisikia. Alisogea akakaa karibu naye.

"Baba Tupo, siku ile nyuma ya ukuta, moyo wake ulikuwa unakwenda mbio."

"Mlikuwa mmekimbia."

"Mimi nilikimbia. Yeye nilimbeba."

Mlango wa chumbani ulifunguka. Tupo alisimama pale, daftari limebanwa kifuani, nywele zimechanwa vizuri.

"Shikamoo baba. Kazi nimemaliza."

"Marahaba, mwanangu. Njoo."

Alikwenda, akakaa alipoonyeshwa. Ambilikile alimwekea mkono begani. Zamani asingekaa hata dakika. Angekuwa amepanda mgongoni mwa baba yake, amemwuliza kama kuna nyoka ndani ya visima, amevaa buti lile lililokuwa sakafuni na kulizungusha sebule nzima. Sasa alikaa, mikono juu ya magoti. Ambilikile alimtazama kwa muda mrefu, kisha akautoa mkono wake, kama aliyegundua kwamba ameuweka juu ya bega la mtoto wa mtu mwingine.

4

Ijumaa, kwenye korido ya kliniki, watoto walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi, kila mmoja na mzazi wake. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyelia. Kila mtoto alikuwa amepewa picha ya kutazama, na kila mtoto aliitazama. Sekela alipita katikati yao akiharakisha mwendo.

Daktari Nyagawa alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Aliwakaribisha, akamsifu Tupo kwa alama zake, akauchunguza na mkono wa Sekela kwa huruma isiyo ya kuigiza.

"Pole sana, mama. Mambo kama hayo ndiyo yanayotufanya tukaze mapema." Aliwaonyesha picha ukutani. "Kishikizo cha nje kina mwisho wake. Ubongo wa mtoto ni mjanja, baada ya miezi kadhaa unajifunza kukikwepa, kama maji yanavyolikwepa jiwe. Hapo kinabaki pambo tu. Kukaza ni kuingiza nyuzi laini sana kupitia hapa nyuma ya sikio. Zinaota polepole kama mizizi, na zinakaa maisha yote. Hasikii maumivu."

"Zinaweza kutolewa?" Ambilikile aliuliza.

"Zikishaota, hapana." Hakulificha. "Ndiyo maana sheria inataka kauli tatu. Ya baba, ya mama, na ya mtoto mwenyewe." Alimgeukia Tupo. "Tupokigwe, tumekueleza leo tutafanya nini. Unakubali?"

"Ndiyo, nakubali," Tupo alisema, macho kwa daktari, sauti safi.

"Vizuri sana. Baba?"

Ambilikile alilamba midomo. Kabla hajasema, Sekela aliinuka.

"Mvue kwanza."

"Samahani?"

"Mvue kishikizo kwanza, ndipo umuulize."

Daktari Nyagawa alimgeukia. "Mama Tupo, nakuelewa. Lakini fikiria. Bila kishikizo mtoto huyu hawezi kusikiliza maelezo hadi mwisho. Atajibu lolote ili atoke mlangoni. Huyu anayekujibu sasa ndiye mwenye utulivu wa kuamua. Ungependa nimuulize yupi, anayefikiri au anayekimbia?"

Kilichomtisha Sekela kuliko yote ni kwamba huenda daktari alikuwa sahihi. Je, kama kweli mwanawe alikuwa huyu aliyetulia, na yule mwingine alikuwa ugonjwa tu? Na kama ilikuwa kinyume chake, kwa muda wote huu amekuwa akimpikia na kumwogesha nani? Alimtazama mumewe.

Ambilikile alikuwa akiitazama mikono ya bintiye juu ya magoti.

"Kivueni," alisema.

Daktari aliuminya mgongo wa kile kitu kwa kidole chenye glavu, akasubiri, akakibandua. Kwanza halikutokea lolote. Halafu Tupo akavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Alizungusha kiti. Akazungusha tena. Alitazama taa, dirisha, chupa za dawa, akanyanyuka kugusa picha ya ukutani, akauliza kama ule ni ubongo wa mtu au wa ng'ombe, akarudi, akajikwaa kwenye mguu wa meza. Daktari Nyagawa alimtazama Sekela kana kwamba anasema, si unaona.

Sekela alipiga magoti sakafuni. Hakumwita. Alisubiri mtoto apite karibu, akamgusa bega, akangoja hadi macho yao yakakutana. Kisha akauliza swali moja tu, fupi.

"Tupo. Kikiwa sikioni, unakuwaje?"

Tupo alicheza na kifungo cha gauni. "Ninamaliza vitabu. Nimemaliza vitatu! Na Atuganile anakaa na mimi darasani, zamani alikuwa hataki kwa sababu nampiga piga viwiko, na mwalimu haniiti tena Kichaa." Maneno yalikuja kwa kusukumana. "Nakipenda. Mama, nakipenda, lakini..."

"Lakini nini?"

Mtoto alitupa jicho dirishani. Sekela alingoja. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kusema: haraka, jibu, watu wanasubiri; na alikaza meno asiseme.

"Siku ya king'ora nilikusikia," Tupo alisema.

Ambilikile aliinua kichwa.

"Nilikusikia ukisema kimbia. Na siku ya maziwa nilikusikia. Huwa nasikia kila siku. Nilikuwa naogopa sana huko ndani, mama, nilikuwa nakuita, ila mdomo ulikuwa unasoma namba. Haukutaka kuacha. Nikawa nalia lakini silii."

"Kwa nini hukusema?" Ambilikile aliuliza. "Mwanangu, kwa nini hukutuambia?"

"Nikianza kusema, kinanirudisha kwenye kazi."

Daktari Nyagawa alikuwa amekaa. Kile kitu cheusi kilikuwa bado kiganjani mwake. "Hakuna mtoto aliyewahi kutuambia hivyo," alisema. "Tumewauliza wote. Tunawauliza kila mwezi."

"Wakiwa wamevaa," Sekela alisema.

Daktari aligeuka polepole kuutazama mlango, na upande wa pili wa mlango ule ile korido ilikuwa kimya kabisa.

"Nisipokuwa nacho Atuganile hatakaa na mimi," Tupo alisema, na sasa alikuwa akilia kwelikweli, kwa sauti, kamasi hadi mdomoni. "Nataka niweze kukitoa mwenyewe. Hamwezi kutengeneza cha kutoa mwenyewe?"

Kishikizo cha namna hiyo hakikuwepo. Kilikuwepo cha maisha yote, au basi.

Ambilikile alimnyanyua bintiye begani kama alivyokuwa akimbeba alipokuwa mdogo. "Hatukazi," alimwambia daktari.

"Mnajua shule haitampokea Jumatatu?"

"Tunajua."

Walipotoka koridoni watoto walikuwa pale pale, wakitazama picha. Sekela alipanga kupita moja kwa moja. Lakini alisimama. Kwenye benchi la karibu alikaa mwanamke kijana, ameushika mkono wa mwanawe wa kiume, na yule mtoto alikuwa akitazama picha ya twiga bila kupepesa.

"Dada," Sekela alisema. Kama akikosea, angekuwa amemnyima mtoto wa mwenzake shule, marafiki, labda uhai. "Samahani. Waambie wamvue kwanza, ndipo wamuulize."

"Achana na watoto wa watu," mzee mmoja alifoka kutoka benchi la nyuma. "Wako umemharibia, sasa unataka na wetu?"

Mlinzi alikuwa anakuja. Sekela alirudia maneno yale kwa sauti kubwa zaidi, mara moja, ili korido yote isikie. Mtoto wa benchi la karibu hakugeuza kichwa. Lakini mama yake alikuwa ameweka vidole viwili kwenye kifua cha mwanawe, upande wa moyo, na Sekela aliuona uso wake ukibadilika.

5

Shule iliyompokea Tupo ilikuwa bondeni, yenye watoto wengi na madawati machache. Sekela alikwenda mwenyewe kuonana na mwalimu wa darasa, Mwalimu Haule, akamweleza mwanawe alivyo bila kuomba msamaha. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama, chaki mkononi.

"Sina muujiza, mama. Nina watoto tele," alisema. "Lakini atakaa mbele. Akichoka kukaa nitamtuma maji au nitampa ubao afute. Nikimpa kazi nitaikata vipande. Nawe nyumbani ufanye hivyo hivyo, tusivutane."

Walijaribu. Asubuhi Sekela hakusema tena "jiandae," maana neno lile lilikuwa na mambo kumi ndani yake. Alisema "viatu," akangoja viatu. Kisha "mkoba." Ambilikile, alipokuwa nyumbani, alimfundisha majedwali ya kuzidisha wakipanda na kushuka ngazi za jengo, na ikatokea kwamba baba naye alikuwa akiyajifunza. Kuna siku zilizokwenda vizuri. Nyingine zilikuwa mbaya kabisa: Tupo alipotea sokoni na kupatikana juu ya gari la kabichi; alimwuma mwenzake aliyemwita Kichaa; aliacha mlango wazi na mtungi wa gesi ukivuja. Sekela alijifunza kuishi na hofu kama mtu anavyoishi na jirani wa ukuta mmoja. Aliisikia kila siku.

Kliniki ilikuwa imesimamisha kukaza kwa muda, walisikia. Wengine walisema itafunguliwa tena. Wazazi wawili walikuja kumshukuru Sekela. Mzazi mwingine alimtemea mate njiani.

Alasiri moja ya mvua Tupo alikuwa mezani na kazi ya hesabu. Alifuta, akaandika, akafuta hadi karatasi ikatoboka. Ghafla alirusha daftari ukutani.

"Nirudishieni kishikizo!" alipiga kelele. "Mlikitoa ninyi! Mimi ni mjinga, siwezi, nirudishieni!"

Aliangusha kiti, akajilaza sakafuni, akapiga teke mlango wa kabati. Sekela alisimama na kijiko mkononi. Aliogopa kama alivyoogopa kule kwenye bomba, labda zaidi, kwa kuwa hapa hapakuwa na ukuta wa kukimbilia. Pengine walikosea. Pengine miaka ishirini ijayo binti huyu angewatazama na kuuliza kwa nini walimnyima. Hakuwa na jambo la kumwambia ambalo lingekuwa la kweli na pia la kumtuliza.

Basi alikiweka kijiko chini, akakaa sakafuni si mbali naye, akangoja mateke yapungue.

"Umekasirika?" Tupo aliuliza baada ya muda, uso umefichwa kwenye kiwiko.

"Hapana. Naogopa."

Mtoto alimchungulia kwa jicho moja. "Mimi pia."

"Najua."

Mvua ilipiga bati la barazani. Tupo alijivuta polepole hadi bega lake likagusa paja la mama yake. Sekela alilifikia daftari, akaukunjua ukurasa uliokunjika, akafunika kwa kiganja maswali yote isipokuwa moja.

"Hili tu," alisema. "Mengine hayapo."

Tupo alichukua penseli. Aliandika nusu ya jibu, akainuka, akaizunguka meza, akaenda dirishani kutazama mvua, akagusa kioo kwa ulimi. Sekela hakumwita. Kila mtoto alipoinuka aliogopa kwamba safari hii hatarudi. Tupo alirudi, akakaa, akaandika nusu iliyobaki, na alipomaliza aliuondoa mwenyewe mkono wa mama yake kutoka kwenye swali la pili.